Malkia Hajaketi

Ijumaa. Vumbi tangu alfajiri, lile zito la rangi ya chai ya maziwa. Huku Al Wukair, nje kidogo ya Doha, hata mnara wa msikiti wa mtaa wetu sijauona leo. Nimeusikia tu.

Naandika nikiwa nimesimama jikoni. Simu nimeiegemeza juu ya friji, nabonyeza kwa kidole kimoja. Mlango nimeurudisha. Sebuleni kuna wanawake watatu wa chama chetu, na wamekuja na chupa ya chai.

Asiyetujua atasema, wageni wameleta chai, shida iko wapi? Shida ni kwamba desturi ya chupa niliianzisha mimi mwenyewe. Mimi ndiye mwenyekiti wao. Wanawake watatu wakiibeba chupa ile hadi nyumbani kwa mmoja wetu, basi kwao huyo mmoja kuna mtu amefariki na mwenyewe bado hajaambiwa.

Na Mama yangu amelazwa hospitalini Bungoma tangu Jumatatu.

Kwa hiyo najua. Sijaambiwa, lakini najua.

Ngoja nieleze kwa utulivu. Utulivu ndio pekee nilio nao sasa hivi, na hata huo nimeuazima kwenye mchezo wa kuigiza.

Chama chetu ni cha akina mama na wasichana wa Kenya walioko huku Doha. Wengine ni wauguzi, wengine walinzi, wengine wako kwenye majumba ya watu. Mwanzoni habari za msiba zilikuwa zinamfikia mtu ovyo ovyo. Kuna msichana mmoja, mlinzi kwenye mlango wa jumba refu kule West Bay, alisoma kwenye kundi la familia kwamba babake amekufa. Alikuwa zamu. Akaendelea kufungua mlango na kusema karibu, karibu sana, mpaka zamu ikaisha, maana hakujua aseme nini kingine. Aliponisimulia nililia kuliko yeye. Nikasema jambo hili halitarudiwa.

Ndipo nikaweka utaratibu. Familia nyumbani ikifiwa, impigie simu kiongozi wa chama kwanza, si mfiwa. Kiongozi achague watu watatu. Mtu asiambiwe akiwa kazini, asubiriwe amalize. Wasiende mikono mitupu, waende na chai ya tangawizi kwenye chupa, ya moto kabisa. Wasivae nguo nyeusi. Waongee habari za kawaida kidogo. Mfiwa asiambiwe amesimama. Mpaka aketi. Na wasimharakishe.

Nimekwenda kwenye safari hizo mara nyingi kiasi kwamba wenzangu wakiniona nabisha mlango siku isiyo ya chama hupauka uso kabla sijafungua mdomo. Inabidi nianze kwa kuwaambia, tulia, nimekuja tu kusalimia.

Leo wamebisha kwangu.

Nirudi nyuma kidogo, kwenye huo mchezo.

Mwalimu Baraka ni Mkenya mwenzetu anayefundisha kwenye shule moja hapa karibu. Mwaka huu ameandika tanzia kwa mtindo wa Wagiriki wa kale, tuigize kwenye ukumbi wa shule yake. Onyesho ni Alhamisi ijayo. Alipotafuta malkia hakutafuta mbali. Kazini mimi ni msimamizi wa wahudumu wa vyumba kwenye hoteli, nina ghorofa zangu na wasichana wangu, na nikipita kwenye ujia vitoroli vyote vinanyooka. Chamani ni mwenyekiti. Nyumbani Bungoma hakuna mbuzi anayeuzwa bila simu yangu. Mwalimu alisema, "Mama Imani, wewe hata hatukufundishi. Simama tu hapo."

Nilifurahi kupita kiasi. Nguo yangu imeshonwa kwa mapazia mazito ya zambarau ambayo hoteli ilikuwa inayatupa, niliyaomba kwa meneja. Taji ni la boksi na karatasi ya kufunikia chakula. Nikijitazama kwenye kioo nasema, kumbe.

Malkia wa Mwalimu hana jina. Mfalme alikwisha kufa, anatawala yeye. Mji mzima unamwogopa. Ana mtoto mmoja wa kiume ambaye amemtuma vitani kwa amri yake mwenyewe. Nusu ya kwanza ya mchezo ni yeye tu anayesema. Huyu nenda, yule njoo, lango lifungwe, wazee nyamazeni. Maneno hayo sikuhangaika kuyakariri, ndiyo ninayosema kila siku kuanzia asubuhi.

Kilichonishinda ni nusu ya pili.

Nusu ya pili anakuja mjumbe. Mwalimu alitueleza kwamba Wagiriki wale hawakuonyesha kifo jukwaani. Mtu anafia mbali, au ndani nyuma ya mlango, halafu anakuja mjumbe kusimulia. Basi malkia aliyekuwa akiamrisha kila kitu anabaki kusikiliza tu. Maneno yake yanakwisha. Mjumbe ana kurasa mbili nzima, yeye hana hata mstari. Anasimama, anasikia, kisha anageuka na kuingia ndani bila kusema neno, na hatumwoni tena.

Nilimwuliza Mwalimu, malkia mwenye nguvu zote hizo, nafasi yake kwenye tanzia ndiyo hii? Kusimama na kusikia?

Akasema ndiyo hasa. Akasema nguvu zake zote za mwanzo zimewekwa pale ili tuone siku anapofikiwa na kitu kisichopokea amri.

Sikulipenda jibu hilo. Nilikwenda nyumbani nikanuna.

Tena kwenye mazoezi nikawa nakosea jambo moja, kila wiki lile lile. Mjumbe akiingia, mimi natafuta kiti. Mwili unakwenda wenyewe. Mwalimu anapiga makofi, tunasimama. "Malkia haketi! Akiketi, watazamaji watajua kwamba ameshajua." Nami namwambia, Mwalimu, kwetu mtu haambiwi jambo kama hilo amesimama, ni ukatili. Naye anasema hii si kwetu, huu ni Ugiriki. Tunacheka, tunarudia, naketi tena.

Mama alikuwa anaufuatilia mchezo huu kwa simu kama redio. Kila Jumapili lazima nimweleze nilipofika. Jumapili iliyopita, kabla kifua hakijambana, aliniuliza, "Huyo malkia wako anapika?"

Nikamwambia hapiki, ana watumishi.

"Na mama yake yuko wapi?"

Nilisema nitamwuliza Mwalimu. Nikamwuliza kweli, Mwalimu akakuna kichwa, akasema malkia wa namna hii ana mume, ana watoto, ana maadui, lakini mama hakuandikiwa. Nilitaka kumpelekea Mama jibu hilo Jumapili hii. Nilikuwa nimeshajua atakavyosema. Angesema, ndiyo maana ana kiburi, hana wa kumwambia nyamaza.

Jumatatu Wafula, mdogo wangu, akapiga kwamba Mama amelazwa. Nikaanza kazi yangu. Mhamisheni hospitali kubwa. Nipeni nizungumze na daktari. Blanketi lake la kijani mmempelekea? Nani analala naye leo? Nilitoa amri siku nzima, nikiwa kwenye ujia wa ghorofa ya tisa na taulo begani, na Wafula akawa anasema ndiyo dada, ndiyo dada. Walifanya yote. Hakuna nililosema likakosa kufanywa. Na Mama hakupata nafuu hata kidogo.

Likizo yangu ilikuwa baada ya onyesho. Nilitaka kuomba itangulizwe, Mama mwenyewe akakataa. Aliongea kwa shida, kwa pumzi fupi. "Maliza mchezo wako kwanza, Naliaka. Mimi sina haraka."

Huko ndiko kuongea kwetu kwa mwisho. Jana simu yake ilipokelewa na Wafula, akasema amelala.

Leo asubuhi niliweka picha yangu mtandaoni, nimevaa mapazia yangu na taji, nikaandika kwamba mazoezi ya mwisho ni leo. Watu wakacheka, wakasifu. Binamu yangu mmoja wa Webuye naye akaandika kitu. Nilipofungua nikakuta ujumbe umefutwa. Nikamwuliza, umeandika nini? Akasema, "Aah, hakuna, sister. Nilikosea mtu."

Niliukaza moyo. Nilijiambia, watu hukosea kila siku. Nikampigia Wafula, simu imezimwa. Nikajiambia umeme umekatika. Nikavaa, nikaenda.

Sasa sikia kilichotokea mazoezini, maana nimekielewa hapa jikoni tu.

Kwenye tanzia kuna kundi la wanawake wa mji wanaosimama nyuma ya malkia na kusema kwa pamoja. Mwalimu analiita korasi. Wao hujua mambo kabla yake, lakini hawawezi kumwambia. Kwenye korasi yetu wamo wawili wa chama. Zuhura wa Mombasa, anayefanya kazi kwa familia moja huku huku, na Nekesa, msichana mdogo wa hotelini kwangu ambaye nilimwingiza kwenye mchezo kwa nguvu ili aache kujifungia chumbani. Mjumbe naye ni Musa, dereva wa teksi kutoka Jinja. Musa huchelewa kila wiki, na huingia akitupigia hadithi za abiria wake.

Leo Musa alikuwa wa kwanza kufika. Hakuwa na hadithi.

Alipoingia kwenye sehemu yake alisimama mbele yangu akatazama viatu. Musa anayajua maneno yale hata usingizini. Alisema mstari wa kwanza, akakwama. Akaanza upya, akakwama pale pale, penye habari ya kifo cha mtoto wa malkia. Mwalimu akamfokea kidogo. Musa akasema, "Mwalimu, nisamehe, leo tuishie hapa. Mimi siwezi."

Mwalimu akasema haiwezekani, onyesho ni Alhamisi. Basi akayasema. Aliyasema haraka haraka, kwa sauti ya chini, bila kuniangalia.

Nyuma yangu Nekesa akaanza kulia.

Si kilio cha mchezo. Nekesa huwa hawezi kulia hata akifinywa, tumemtania kwa hilo wiki nyingi. Leo alilia mpaka kamasi. Mwalimu akaruka kutoka kwenye kiti chake, mikono juu. "Hivyo! Hivyo hivyo, Nekesa! Ndicho nilichokuwa natafuta!" Nami, Mungu wangu, nikageuka nikampigia makofi. Nikamwambia, umeona? Nilikuambia unaweza. Akanitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. Zuhura akamvuta kwake akamfunika kichwa kwa mtandio wake.

Na leo, kwa mara ya kwanza, sikuketi. Nilisimama wima mpaka Musa akamaliza, nikageuka, nikaingia nyuma ya pazia bila neno. Mwalimu akasema hakuna la kuongeza. Nilitoka pale nimejaa fahari, natembea kwenye vumbi kama nimepewa nchi.

Walikuwa wanajua. Musa, Zuhura na Nekesa, wote watatu walikuwa wanajua. Bila shaka Wafula alikuwa ameshapiga simu kwa makamu wangu, Mama Kevo, ambaye ni muuguzi, kwa sababu mwenyekiti mwenyewe ndiye mfiwa. Na Mama Kevo akawaambia wangoje, maana sheria inasema mtu asiambiwe akiwa kazini. Wakaona mchezo nao ni kazi yangu. Wakaniacha niigize mwanamke anayeletewa habari ya msiba, wao wakiwa wamesimama nyuma yangu na msiba wangu kifuani.

Siwalaumu. Wamefuata nilivyowafundisha. Nimewafundisha vizuri mno.

Nilifika nyumbani, nikavua mapazia, nikanawa vumbi usoni. Adhana ya alasiri ilikuwa inakwisha nilipobishiwa. Nikafungua. Mama Kevo, Zuhura, Nekesa. Nguo za rangi rangi. Nyuma yao, nje ya geti, teksi ya Musa imesimama bila kuzima injini. Na mikononi mwa Nekesa, ile chupa nyekundu ambayo niliinunua mimi kwa sababu inashika moto siku nzima.

Mama Kevo akasema, "Tumepita tu, Chair, tukasema tukuone."

Ndiyo maneno yangu. Neno kwa neno, isipokuwa hilo la Chair.

Nikasema karibuni. Wakaingia, wakakaa, wakaniachia kiti cha katikati. Zuhura akaanza kuongea habari za vumbi, kwamba watoto wa bosi wake wanakohoa. Mama Kevo akasema vitunguu vimepanda bei. Walikuwa wanazungumza vizuri kabisa, ungedhani ni ziara ya kweli. Nekesa peke yake ndiye aliyekuwa ameikumbatia chupa, hataki kuiweka mezani.

"Njoo ukae, Mama Imani," Zuhura akasema. "Mbona wasimama kwako mwenyewe?"

Na hapo nikaona kosa langu. Katika utaratibu wangu wote ule, tangawizi, rangi za nguo, nani azungumze kwanza, sikuwahi kusema waende na vikombe. Hakuna aliyewahi kuleta vikombe. Kwa hiyo kila nyumba niliyokwenda, yule yule mwenye msiba ndiye aliyeinuka kwenda kututafutia vikombe, na sisi tukabaki tumekaa tukimsubiri. Nilikuwa nadhani wanachelewa kwa sababu vyombo ni vichafu.

Nikasema, "Ngojeni nilete vikombe."

Ndiyo niko huku.

Kwa hiyo wafiwa wale nao walikuwa wanajua. Consolata aliyefiwa na dada yake, yule wa Kisii aliyefiwa na mtoto, wote walisimama jikoni mwao hivi hivi, mkono kwenye kabati, wakijua. Sisi tukiwa sebuleni tunasifia mapazia. Tulidhani sisi ndio tunaowapa habari.

Nimejaribu kudanganyika, nisiseme sikujaribu. Nimesema labda wamekuja kwa ajili ya onyesho, wanataka kunipongeza. Nimesema labda ni mjomba, ni mzee, amekuwa akiugua siku nyingi. Nikamuua mjomba wangu hapa hapa jikoni ili Mama apone, na sikuona aibu. Lakini Nekesa hakumjua mjomba wangu. Mama alikuwa akizungumza naye kwenye simu yangu kila Jumapili, akimwuliza kama amekula, akimwita mjukuu. Nekesa asingemlilia mjomba vile.

Huko sebuleni Mama ameshakufa. Huku jikoni bado amelala kwenye kitanda cha karibu na dirisha, blanketi la kijani miguuni, na Wafula anamkorogea uji. Kati yangu na huko kuna mlango tu, wala haukufungwa kwa ufunguo.

Nimeelewa kwa nini Mwalimu hataki malkia aketi. Si ujasiri. Akiwa amesimama bado hajakubali.

Sina la kuamuru. Nimefikiria na sijaliona. Siwezi kumwambia Wafula amhamishe hospitali. Nitaanza kuhesabiwa siku za ruhusa na meneja, nitatafuta ndege, nitafika kwenye kaburi au kabla yake kidogo, nitaambiwa wapi nisimame. Watanipangia wao. Nitavishwa leso. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nyumba ile itaendeshwa bila simu yangu, na mwenye nyumba hatakuwepo kuniambia ninyamaze.

Huko sebuleni habari za vitunguu zimewaishia. Hakuna anayeniita, maana hawaruhusiwi kunihimiza. Wangekaa mpaka magharibi. Chai haitapoa.

Nimesikia kitu kidogo, kama kifuniko kinavyogonga chupa. Ni mikono ya Nekesa. Ni safari yake ya kwanza ya namna hii, na mimi ndiye niliyesema mwezi uliopita kwamba wakati mwingine apelekwe, ajifunze. Anatetemeka pale kwa sababu mimi nasimama hapa.

Mama aliuliza mama wa malkia yuko wapi. Nikiketi tu, hata mimi sitakuwa naye.

Nimetoa vikombe vinne. Nimevifuta. Nimevifuta tena.

Mama, nimemaliza mchezo. Ulisema huna haraka.

Naenda kuketi.